Intaneti haina mlinzi getini: kwa nini kijana wa Mwanjelwa anaweza kuanzisha kitu bila kumuomba mtu ruhusa (uzi mrefu)

MtaaWaMwanjelwa (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu, poleni na mvua mlio Tukuyu, poleni na baridi mlio Makete na Njombe. Mimi ni fundi, nina kibanda cha kompyuta na simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo wateja wachache ngoja niliandike lote. Ni refu, asiye na nafasi asome jioni.

Juzi kaja dogo mmoja wa chuo, laptopu yake kioo kimepasuka, nikamwambia hebu fungua tovuti ya mtengenezaji tuangalie namba ya kioo, akanijibu kaka intaneti sina, WhatsApp ndo ninayo. Nikaacha bisibisi nikamwangalia. Alikuwa na bando la mitandao ya kijamii tu, na kwake yeye hivyo ni vitu viwili tofauti, kuna WhatsApp halafu kuna intaneti. Nikamuuliza sasa hiyo intaneti mwenyewe ni nani, akasema si Google. Anasoma mambo ya kompyuta huyu, mwaka wa pili. Sikumcheka na naomba asichekwe hapa, maana hakuna aliyewahi kumwambia, na wengi wetu tuko hivyohivyo.

Jibu ni kwamba haina mwenyewe. Na haikutokea tu, kuna watu walikaa wakaamua iwe hivyo, na uamuzi wao ndo umenipa mimi ugali mpaka leo.

Nilipokuwa sekondari miaka ya 2000 mwanzoni hapa mjini kulikuwa na kafe ya intaneti, dishi kubwa juu ya paa, mvua ikinyesha tu mtandao unakata mnakaa mnaangaliana. Tulikuwa tunalipa kwa dakika. Kaka aliyekuwa anasimamia pale siku moja akanionyesha kwamba ukurasa wowote uliofungua unaweza ukauangalia kwa ndani, unabonyeza tu unaletewa maandishi yote yaliyoutengeneza, kama fundi saa anapofungua mfuniko wa nyuma ukaona magurudumu yote yanavyozunguka. Mwenye ukurasa yuko Ulaya huko wala hajui kama upo, na wala hakukataza. Mimi sikuwa na diski ya kuhifadhia, nikachukua kaunta buku nikayanakili yale maandishi kwa mkono, kurasa nne, alama zote, mabano yote. Nilisoma lile kaunta buku wiki nzima kama kitabu cha dini. Wiki iliyofuata nikarudi na hela ya dakika thelathini, nikayachapa, nikaweka jina langu juu, nikafungua kwenye brauza, jina langu likatokea kwa herufi kubwa za bluu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Hakuna shule iliyonifundisha ule ufundi, hakuna cheti nilichoombwa wala fomu niliyojaza.

Sasa kwa nini iko wazi namna hii? Nitumie mfano wa hapahapa nyumbani. Reli ya TAZARA ile inayopita Iyunga, upana wake chuma kwa chuma ni milimita 1,067, sawa na reli ya Zambia, ndo maana behewa linatoka Kapiri Mposhi mpaka Dar kilomita 1,860 haliguswi. Reli ya kati ya zamani upana wake ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, vidole vinne hivi, lakini behewa la TAZARA haliingii reli ya kati hata ulibembeleze, kwa hiyo pale Kidatu reli mbili zinapokutana mzigo unashushwa huku unapakiwa kule.

Miaka ya 70 mwanzoni kompyuta zilikuwa na shida hiyohiyo. Marekani kulikuwa na mtandao wa ARPANET uliopita kwenye waya, kulikuwa na mwingine wa redio, mwingine wa setilaiti, kila mmoja na reli yake. Vint Cerf na Bob Kahn, wataalamu wa kompyuta wa kule, mwaka 1974 wakatoa pendekezo, kwamba tusigombanie upana wa reli, kila mtu abaki na yake, tukubaliane tu kontena liweje na anwani iandikwe vipi juu yake, halafu kila mitandao inapokutana tujenge Kidatu, mashine inayopokea kontena huku na kulisukuma kule bila kulifungua. Kontena ndo pakiti, Kidatu ndo ruta, na yale makubaliano ndo itifaki ya TCP/IP, tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ikahamia huko.

Maneno ya kushika hapo ni hayo mawili, bila kulifungua. Ruta haijui kama umebeba barua, picha, sauti au bei ya viazi, na haihitaji kujua. Akili yote iko kwenye ncha, kwako wewe na kwa unayewasiliana naye, katikati ni bomba tu. Saltzer, Reed na Clark wa chuo cha MIT kule Marekani waliandika hoja hii mwanzoni mwa miaka ya 80 wakaieleza kitaalamu vizuri sana, kwamba kitu ambacho ncha zenyewe zinaweza kukifanya usikirundike katikati.

Linganisha na simu za zamani, akili ilikuwa katikati, kwenye makao makuu ya kampuni, ncha yako ni chombo cha kuongelea tu. Marekani kampuni ya AT&T ilikuwa inakataza mtu kuunganisha kwenye laini yao kifaa chochote ambacho si chao mpaka mamlaka ya mawasiliano ya kule ilipolegeza mwaka 1968 kwenye shauri la Carterfone. Na ni AT&T haohao ambao mhandisi Paul Baran aliwapelekea wazo la kukata ujumbe vipande na kuusambaza njia nyingi miaka ya 60, wakalikataa. Sitaki kusema walikuwa wajinga, walikuwa na wahandisi wazuri mno, ila aliyekaa getini siku zote analinda kilichomo ndani.

Kwenye bomba lisilo na geti mambo yakawa mengine. Ray Tomlinson mwaka 1971 akatuma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa kutumia ile alama ya @, hakuna bosi aliyemtuma afanye hivyo. Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, mwaka 1989 akapendekeza wavuti, yaani hizi kurasa zenye linki tunazofungua kwenye brauza, hakuwauliza wenye nyaya. Na hapa kuna kipande ambacho kila kijana angekijua. Kulikuwa na mpinzani wa wavuti aliitwa Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwa anapendwa sana. Mwanzoni mwa 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN wakatangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni ya watu wote, haina malipo. Watu wakakimbilia kwenye uwazi, Gopher akafa. Lile kaunta buku langu linatokana na karatasi ile ya CERN.

Nije nyumbani. Mwaka 2016 tulikuwa watatu, tukataka kuweka bei za viazi mviringo za kila siku, Isyonje, Uyole, Soko Matola, ili mkulima asidanganywe na dalali anayekuja shambani na lumbesa yake anakwambia mjini bei imeshuka. Wazo la kwanza lilikuwa iwe ile ya kubonyeza nyota na reli (* na #) kwenye simu yoyote. Tukaambiwa namba inaombwa mamlaka, halafu mnakubaliana na kila kampuni ya simu peke yake, kila moja na masharti yake na makato yake. Tukazunguka miezi minane. Nauli za Dar mara tatu. Kampuni moja ilituambia tulete mauzo ya miaka miwili ya huduma ambayo ilikuwa haijaanza. Tukachoka.

Basi nikakaa na laptopu yangu hapa kibandani siku mbili usiku, nikakodi nafasi ndogo kwenye seva, seva inaendeshwa na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo Linus Torvalds aliianza akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991 na akaiachia bure, programu zote huria, nikalipia jina la .co.tz, ukurasa mmoja mwepesi ambao hata simu mbovu inaufungua. Alfajiri ya siku ya tatu akapiga mama mmoja wa Tunduma ambaye sijawahi kumwona maishani, hakuna salamu, anauliza tu, hii bei ya Isyonje ni ya leo au ya jana? Nikamwambia ya leo mama, nimeiweka sasa hivi. Akasema haya, natuma gari.

Miezi minane getini, siku mbili kwenye uwanja wazi. Mtu yuleyule, wazo lilelile, viazi vilevile.

Na kosa letu lilikuja baadaye. Watu walikuwa wanapenda kukaa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii, sitautaja, tukahamisha kila kitu kule, kundi likafika watu elfu tatu na zaidi, ule ukurasa wetu tukaacha ukafa. Asubuhi moja nafungua, akaunti imefungwa, tumekiuka masharti, yapi hawasemi, na hakuna hata mtu wa kumpigia. Bei za miaka miwili tulizokuwa tunaandika kila asubuhi zikaondoka nazo. Niliumia sana, siwafichi, nililala njaa ile siku.

Hoja yangu kwa hiyo wakuu ni kwamba intaneti iliyonipa kazi ni ile iliyo wazi, na tunaiacha kidogokidogo bila kujua, tunahamia kwenye vyumba vya watu tukidhani ndo nyumba yenyewe. Karibuni tujadili.

---

Kitonga_Mteremko

Mkuu nimesoma yote na umeandika kwa moyo, ila mimi nina kidonda. Mama yangu yuko Ilula hapa Iringa, mwaka juzi katumiwa meseji ya kwamba mzigo wa mwanao umekwama, hela zikatoka zote za vitunguu, msimu mzima. Sasa unaponisifia mtandao usio na mlinzi mimi namwona yule mwizi. Kama katikati hakuna anayeangalia, mama yangu analindwa na nani? Sisi huku vijijini tunaachwa peke yetu.

MtaaWaMwanjelwa

Pole sana kaka, na mpe pole mama. Sitakudharau hoja yako maana ina ukweli. Mitandao hii ilijengwa na watu waliokuwa wanajuana, maprofesa na wanafunzi wao, barua pepe ya mwanzo haikuwa na namna ya kuhakiki aliyeandika ni yeye kweli. Wakaja kushtuka tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi Robert Morris alipoachia kirusi chake kikaziangusha kompyuta kwa maelfu siku moja. Hiyo ni kasoro ya huo uwazi na nimeitaja makusudi.

Lakini angalia kilichomwibia mama. Ni meseji ya kawaida ya simu, kwenye mtandao ambao una mlinzi katikati, laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu lile zoezi lililoanza 2019, na bado ilimfikia. Kwa hiyo mlinzi wa katikati si dawa peke yake. Ulinzi ulioshika ni ule uliowekwa kwenye ncha, ile kufuli unayoiona kwenye brauza ukiingia benki, au ule usimbaji wa WhatsApp wa tangu 2016 ambao hata mwenye bomba hasomi kilichomo. Ncha nyingine ni mama mwenyewe, na hapo ndo tumezembea sisi watoto wao. Mimi mama yangu nilikaa naye jioni tatu, nikamtumia meseji za uongo mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni yake mpaka akazizoea. Sasa hivi ananipigia kwanza.

Kitonga_Mteremko

Hiyo ya kumfanyisha mazoezi sikuwahi kuiwaza aisee. Wikiendi hii naenda Ilula.

---

Kahawa_Mbozi

Ndugu mwanzisha uzi naomba nikupinge kidogo kuhusu ile ya nyota na reli. Nafanya kazi na wakulima wa kahawa huku Mbozi, wengi wana kitochi, chaji inakaa wiki, na wanapokea malipo yao kwa hiyohiyo unayoiona ni ya getini. Ukurasa wako mwepesi kiasi gani, kitochi hakifungui. Mitandao ya simu imefika mahali ambapo intaneti yako iliyo wazi haijafika, na imefika kwa sababu kuna kampuni iliyoona faida ikasimamisha mnara. Msiwe mnasahau hilo mnaposema uwazi uwazi.

MtaaWaMwanjelwa

Umenikamata vizuri mkuu na nakubali. Yule mama wa Tunduma alikuwa na simu ya smart, mkulima wa Isyonje hakuwa nayo, tulikuwa tunampigia.

Ila hebu tukumbushane historia ya hizo hela za simu maana ndo somo lenyewe. M-Pesa ilipoingia hapa 2008 na wengine wakafuata, kila kampuni ilikuwa reli yake. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata meseji yenye namba za siri aende nayo kwa wakala kutoa taslimu, haiingii kwenye salio lake. Kila mtu alikuwa na laini tatu, mnakumbuka? Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana hela ipite moja kwa moja, Vodacom wakaingia 2016, Tanzania tukawa mbele Afrika nzima kwa hilo. Hakuna aliyevunja mnara wala kubadili reli yake, walikubaliana tu kontena liweje. Ni lilelile la Cerf na Kahn, safari hii limefanywa na watu wetu wenyewe, na biashara ikakua kwa wote. Mimi nataka zile nyota na reli nazo zifunguke hivyo, kijana wa Mlowo mwenye wazo la kahawa asihitaji kuzunguka kampuni nne kabla hajapata mteja wa kwanza.

Kahawa_Mbozi

Kwa hilo tupo pamoja. Gharama ya kuzunguka ndo inayotumaliza, si teknolojia.

---

MwalimuMakete

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule yetu iko milimani huku, mtandao unapatikana ukipanda kule kwenye kilima cha kanisa na siku ya ukungu hata huko hamna.

Naomba nichangie kwa kitu nilichokiona kwa macho. Rafiki yangu alikuja na kikompyuta kidogo, ukubwa wa kiberiti kile kikubwa cha jikoni, ndani kaweka Wikipedia kwa kutumia programu inaitwa Kiwix. Unakichomeka umeme wa sola, kinatoa waifai yake, wanafunzi wanaunganisha simu na tableti za shule wanasoma bila intaneti yoyote. Ya Kiingereza ipo na ya Kiswahili ipo, ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2003. Siku ya kwanza kuna binti wa kidato cha pili alisoma habari za figo mpaka mlinzi akaja kufunga darasa. Nilimuuliza kwa nini figo, akasema bibi yake anaumwa na hospitali wanasema maneno hawayaelewi.

Nikamuuliza yule rafiki imekuwaje kitu kikubwa hivi kinakaa humu na hatuibi, akanieleza kwamba waandishi wa Wikipedia walishatoa ruhusa tangu mwanzo, yeyote achukue, anakili, agawe, mradi aseme kimetoka wapi na naye akigawa aache mlango wazi hivyohivyo. Mimi nilikaa kimya muda. Watu wasiotujua walishatuwaza kabla hatujaomba. Ingekuwa ile maarifa iko kwenye apu ya mtu, binti yule angengoja mnara ujengwe.

MtaaWaMwanjelwa

Mwalimu shikamoo. Hii umenifunga mdomo kabisa. Naomba nikuongezee jambo, ile Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa na watu kama sisi na sehemu za huku kwetu bado ni mistari miwili mitatu, kata nyingi za Makete ziko hivyo. Wanafunzi wako wanaweza kuziandika, kila mmoja na kijiji chake, hawahitaji kibali cha mtu, wanachohitaji ni kusema ukweli na kuonyesha umetoka wapi.

MwalimuMakete

Marahaba. Muhula ujao nitawapa kazi ya mto Rumakali, waanzie hapo wanapouona.

---

BintiWaTukuyu

Ndaga fijo kwa uzi. Mimi nina swali gumu kaka. Unasema haina mwenyewe na kila kipande kinatafuta njia yake. Sasa ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mbona ilizimika? Nauza parachichi, nilikuwa na mnunuzi anasubiri picha za mzigo, siku nzima kizunguzungu kinazunguka tu pale katikati ya skrini, akanunua kwa mwingine Njombe. Ungeniambia siku ile kwamba ni wazi ningekasirika.

Na la pili, hata hiyo ya kutoomba ruhusa siyo kamili. Dada yangu alikuwa na blogu ya mapishi ya kwetu, zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, leseni milioni 1 kwa mwaka, akaifunga siku ileile. Alikuwa hapati hata laki.

MtaaWaMwanjelwa

Pole kwa mzigo dada. Siku ile zilikatika kebo mbili za chini ya bahari kwa pamoja, EASSy na Seacom, upande wa kusini huko karibu na Afrika Kusini. Na jibu liko kwenye barabara yetu wenyewe. Lori likilala pale mlima Kitonga kinachotokea kila mtu anakijua, foleni inatoka juu mpaka chini, nyanya zinaozea garini, kwa nini, kwa sababu barabara ya maana ni moja. Hata dereva awe hodari vipi. Pakiti zinajua kutafuta njia nyingine, lakini njia nyingine lazima iwepo. Siku ile mitandao iliyokuwa na njia ya tatu iliendelea kuhema, iliyotegemea hizo mbili ikanyamaza. Kwa hiyo muundo ni wazi ila nyaya ni za watu, zina wenyewe na ni chache, na nikisema haina mwenyewe namaanisha makubaliano, simaanishi nyaya. Nilipaswa kulisema hilo juu kabisa, umefanya vizuri kuuliza. Sisi tulio huku kusini tungekuwa tunadai njia zaidi kupitia Zambia na Malawi kwa nguvu ileile tunayodai barabara ya mchepuko.

Kuhusu dada yako, hapo sina la kukupinga. Zile kanuni baadaye zilirekebishwa, lakini blogu ngapi zilishazimwa na hazikurudi. Geti linaweza kujengwa sehemu yoyote, kwenye waya, kwenye apu, kwenye sheria, kwenye bei ya bando. Ukijenga geti la milioni 1, mwenye milioni anapita, mwenye mapishi ya bibi anabaki nje, na mapishi ya bibi ndo tuliyokuwa hatuna. Bado anayo yale maandishi?

BintiWaTukuyu

Anayo kwenye daftari, na mengine kwenye flashi. Kuna ya kitindi na kande ya ndizi ambayo bibi alimfundisha, hakuna mahali nimewahi kuiona imeandikwa.

MtaaWaMwanjelwa

Mwambie asiipoteze hiyo flashi, ainakili leo, mbili. Mkishuka Mbeya pitieni kibandani, kuyaweka mahali salama ni kazi ya saa moja na sitachukua hela.

---

Kahawa_Mbozi

Narudi tena. Mimi nataka kujua kitu kimoja, kama haina mwenyewe, nani anaamua hayo makubaliano? Maana lazima kuna kikao mahali.

MtaaWaMwanjelwa

Kipo, na kinavyoendeshwa ndo kinanifurahisha kuliko vyote. Aprili 1969 kijana mmoja, Steve Crocker, mwanafunzi wa chuo cha UCLA kule Marekani, alipewa kazi na wenzake ya kuandika walichokubaliana kuhusu kompyuta kuongea. Walikuwa wanafunzi, wakaogopa kuonekana wanawapangia wakubwa, basi akaiita ile karatasi ombi la maoni. Yaani hakusema sheria, hakusema amri, alisema jamani mnaonaje. Karatasi namba 1. Miezi michache baadaye, tarehe 29 Oktoba, ujumbe wa kwanza wa ARPANET ukatoka UCLA kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford, walikuwa wanaandika LOGIN, zikafika herufi mbili L na O mashine ikaanguka. Wakarekebisha wakaendelea. Mpaka leo viwango vya intaneti vinatolewa kwa jina lilelile, ombi la maoni, zimeshapita elfu 9, zote ziko wazi, mtu yeyote anasoma bure na anaweza kujiunga na orodha ya barua akatoa hoja. Hawaulizi cheo. Kiingereza ni kikwazo, muda ni kikwazo, nauli ya mikutano ni kikwazo, na sauti zetu kule ni chache mno. Lakini mlango haujafungwa kwa komeo.

Nikikaa kwenye vikao vyetu vya mtaa nikaona hoja imekuja imeshaamuliwa, namkumbuka yule mwanafunzi.

---

DogoWaIyunga

Kaka shikamoo, ni mimi yule wa kioo. Nimetumiwa linki ya huu uzi na darasani kwetu, nikajijua. Sijachukia, tena asante kwa kunitetea hapo juu. Leo nimeweka bando la kawaida nikafanya ulivyosema, nimefungua ukurasa wa matokeo ya mpira nikaangalia ndani, kwenye laptopu nimebonyeza Ctrl na U. Yametoka maandishi mengi mno, mistari maelfu, siyo kama uliyonakili wewe kurasa nne. Sikuelewa hata nusu.

MtaaWaMwanjelwa

Marahaba mdogo wangu. Hizo za siku hizi zimejazwa mambo mengi, matangazo na vitu vya kufuatilia watu, usianzie huko utakata tamaa bure. Tafuta ukurasa mdogo. CERN waliurudisha hewani ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, anwani yake ni info.cern.ch, ingia humo ufungue ndani.

DogoWaIyunga

Nimeufungua kaka. Huu nauelewa!! Kichwa hiki hapa, hizi ni linki. Nimenakili kwenye notipedi nikafuta maneno yao nikaandika mitaa yetu, Iyunga, Ikuti, Nzovwe, na nauli za bajaji za kwenda kila mtaa maana wageni wanatozwa mara mbili. Imefunguka. Imeandika kabisa NAULI ZA BAJAJI MBEYA juu kwa herufi kubwa. Sasa nifanyeje mwingine aione kwenye simu yake?

MtaaWaMwanjelwa

Safi sana. Ihifadhi kwa jina index.html, herufi ndogo zote, usiache nafasi. Kesho saa nne njoo nayo hapa kibandani, na uziulize tena zile nauli kwa madereva wenyewe pale stendi ya Kabwe kabla hujaja, andika na tarehe uliyouliza.

Kahawa_Mbozi

Dogo, ukimaliza ongeza na nauli ya Mbeya hadi Mlowo, nitakutumia bei ya leo asubuhi.